Kaunta Namba Mbili

Benki yetu ya Keighley siku hizi ni senema.
Viti arobaini vyekundu vya mnadani,
na choo wamekiweka ndani ya chumba cha hazina:
mlango wa chuma ungalipo, mnene kama gurudumu la trekta,
halafu mtu anajifungia kwa komeo la plastiki.

Jumatano usiku. Nje mvua ya Yorkshire,
ile isiyonyesha wala kukatika.
Wameleta filamu ya Australia, ya majambazi wa benki.
Tuko tisa. Nimehesabu; kazi haimtoki mtu.
Miaka kumi na tisa nilisimama mlangoni hapa,
sare ya bluu, kofia, rungu sikupewa,
Shekue wa Muheza, mlinzi wa fedha za watu
walioniuliza kila Jumatatu kama nasikia baridi.

Doreen Ackroyd amekaa kando yangu, safu ya tatu,
pale pale ilipokuwa kaunta yake.
Amekuja na chupa ya chai, na biskuti kwenye leso.

Juani kule, hata mimi nakunja macho.
Vumbi jekundu, nzi, gari la rangi ya manjano,
ndugu watatu, bunduki tatu, "Chini! Wote chini!"
na binti wa kaunta ananyanyua mikono juu.
Doreen anafyonza.
"Goti," ananong'ona. "Kengele unaibonyeza kwa goti.
Hawa hawakuuliza mtu."

Yetu haikuwa na muziki.
Novemba, tisini na moja, aliingia mmoja,
soksi ya mama yake usoni,
mkononi kitu kirefu kilichoviringishwa gazeti.
(Pampu ya baiskeli. Waliikuta mtoni.)
Hakupiga kelele. Alisema "tafadhali."
Doreen akalowesha kidole kwenye sifongo,
akamhesabia kama mteja yeyote:
pauni mia tatu na arobaini.

Polisi walituhoji mmoja mmoja.
Nikasema sikuona kitu, afande, ilikuwa soksi tu.
Nilichoona ni viatu.
Viatu vya shule, na cha kushoto hakikuwa na gidamu,
kimefungwa kamba nyeupe yenye mstari mwekundu,
kamba ya kufungia nyama,
na mji huu mzima ni bucha moja tu lililoitumia,
la Holroyd, lililofilisika mwezi wa tisa.
Nikameza. Nikarudi mlangoni kwangu.

"Ni yule kijana wa Holroyd,"
anasema Doreen gizani, macho mbele.
"Nilimjua kwa ile 'tafadhali.'
Mimi ndiye niliyemfundisha, kanisani, ana miaka sita."

Nasema, "Viatu."
Anasema, "Ah."

Kumbe miaka yote hii tulikuwa na mzigo mmoja,
kila mtu kashika ncha yake,
na hakuna aliyejiuliza mbona hauelemei.

Yuko Geelong, ananiambia. Fundi wa mapaa.
Kila Krismasi kadi, stempu ya kasuku,
haina jina, haina neno,
ndani noti ya dola ishirini.
"Sikuja kuangalia wizi, Shekue.
Nilitaka kuliona hilo jua lake."

Mbele yetu ndugu wa mwisho anapigwa risasi
kwenye kituo cha mafuta, anakufa taratibu,
kama wafavyo watu waliolipwa kufa.
Doreen hamtazami. Anatazama nyuma yake,
nyumba za watu, mabati yanayometa.
"Lile pale," anasema, "limeezekwa vizuri."

Taa zinawaka. Watu saba wanatafuta makoti.
Yeye anatoa daftari mkobani, jembamba, la mistari ya benki,
anapitisha kidole hadi chini ya ukurasa.
"Bado sitini na tano," anasema,
"kwa bei ya dola ya Ijumaa iliyopita."

Na riba? nauliza.

Ananitazama juu ya miwani,
kama mteja aliyekuja dakika moja baada ya kufunga.